Acha kuipa bogainvilia ya Nairobi maji ya Mombasa

Wacha nianze na wewe uliyenunua kamti ka bonsai kando ya barabara mwezi wa Disemba, kakiwa kamejaa maua ya zambarau utadhani kanaenda harusini. Ukakapiga picha, ukakaposti, watu wakakuuliza bei. Julai ikafika, majani yakadondoka. Ukaongeza maji. Yakazidi kudondoka. Mwezi wa nane ukakatupa pamoja na chungu chake, ukaapa kwamba wewe na mimea hamtawahi kuelewana.

Sikubaliani nawe. Kilichoua huo mti ni ushauri wa watu wanaoishi mahali pengine. Najua kwa sababu mimi niliua nusu ya mti wangu vivyo hivyo, na wangu haukuwa wa kununua.

Nimekulia Mombasa, upande wa Changamwe, kwa nyanya. Mbele ya nyumba kulikuwa na ua wa bogainvilia (ua wa maua, Kiswahili chenyewe kinacheka) uliopandwa kabla mamangu hajazaliwa. Mwaka niliotoka chuo, muhula wa tatu wa diploma, karo imekwama na mimi nimechoka kuwadanganya watu kwamba nitarudi, wajomba waliamua kujenga ukuta wa mawe. Ua wote uling'olewa kwa siku moja. Nyanya alikaa barazani akitazama, hakusema neno. Mimi nikachukua msumeno, nikakata kipande cha shina kinene kama kifundo cha mkono, urefu shubiri moja, nikakichomeka kwenye debe la rangi nililotoboa chini. Nilipopanda basi la usiku kuja Nairobi nilikuwa na begi moja, na hilo debe katikati ya miguu.

Kwa hivyo mtu akiniambia bonsai ni mambo ya wazee matajiri wa Japani huwa namwangalia tu. Sisi ndio tunaihitaji. Hesabu mara ambazo umehama tangu utoke kwenu. Mimi ni nne. Huwezi kupanda mwembe kwa ploti ya mtu, lakini mti unaotoshea kwenye kiti cha plastiki unahama nao, na landilodi hana la kusema. Neno bonsai lenyewe halina uchawi wowote; maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye chombo kifupi, na Wajapani waliutoa ufundi huo China. Si aina ya mti. Ni mti wa kawaida uliozuiwa usirefuke, kwa kupogolewa matawi na mizizi.

Na bogainvilia inakubali hayo kuliko miti mingi. Shina lake linanenepa na kukunjamana, kwa hivyo hata mti wa miaka michache unaonekana mzee. Ukiikata kikatili inachipua tena. Ikibanwa chunguni, majani yanakuwa madogo. Yale unayoita maua kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililojificha katikati, kachungulie. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwanabotania Mfaransa, Philibert Commerson, aliukusanya mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, akaupa jina la nahodha wake, Louis-Antoine de Bougainville. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli hizo. Mmea ukapewa jina la nahodha, si la aliyekuwa akibeba mizigo. Wacha nisiingie huko leo.

Sasa, kosa langu. Mombasa nilikuwa naumwagilia kila asubuhi, na saa nyingine jioni tena. Ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu chungu kidogo kwenye jua la pwani kinakauka kabla ya saa nane mchana. Nairobi nikaendelea hivyo hivyo. Keja yangu ya kwanza, huku Roysambu, ilikuwa na roshani inayotazamana na ploti nyingine. Jua linaingia saa nne, saa sita limeshapita. Januari mti ulivumilia. Juni ikaja na mawingu yake, wiki nzima hujaona jua, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 11 au 12. Majani yakageuka manjano. Nikafungua YouTube. Jamaa mmoja mwenye sauti tamu akasema majani yakidondoka mti una kiu. Nikaongeza maji.

Nyanya ndiye aliyeniokoa, kwa simu.

"Unakinywesha kila siku?"

"Ndiyo, nyanya."

"Kwani ni mbuzi? Huku jua linakunywa nusu, mti unakunywa nusu. Huko kwenu nusu ya pili anakunywa nani?"

Niliutoa mti chunguni siku hiyo. Upande mmoja wa mizizi ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka kama mtaro. Nilikata yote iliyooza, na tawi kubwa la upande huo likafa. Hadi leo mti wangu umeinama kushoto, wageni wanadhani ni ustadi.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho video nyingi hazikuambii. Kumwagilia si ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, ondoka. Mwezi wa saba Nairobi naweza kukaa siku nne au tano bila kumwaga tone. Februari ni kila siku. Mti ni ule ule na chungu ni kile kile.

Kalenda nyingi za bonsai mtandaoni zimeandikwa na watu wenye majira manne. Wanakwambia badilisha udongo mwezi wa tatu au wa nne, kwa sababu kwao ndipo baridi inaisha na miti inaamka. Fanya hivyo Nairobi uone: umekata mizizi, vidonda bado vibichi, mvua ya masika inakumwagia chungu wiki sita, halafu Juni hiyo. Mimi hubadilisha Septemba, baridi ikishapita na joto likirudi, tena si kila mwaka. Miaka miwili au mitatu inatosha, kwa sababu bogainvilia haipendi kuguswaguswa mizizi. Udongo usiwe ule mweusi unaoshika maji kama sponji. Changanya na changarawe ndogo, au yale mawe mepesi ya volkano, ndugu za jiwe unalosugulia visigino. Pwani naongeza makumbi ya nazi ili unyevu ukae kidogo. Nairobi siweki kabisa.

Maua nayo yana siri yake. Katika nchi za mbali na ikweta, usiku unaporefuka unausukuma mti uchanue. Hapa kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, saa 12 kwa 12, kwa hivyo kinachousukuma hasa ni ukavu na jua kali. Ndiyo maana Mombasa inawaka rangi Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mvua ikiwa haijulikani iko wapi. Mti uliolishwa maji na mbolea nyingi ya kukuza majani utakupa majani tu, kijani kibichi kama sukuma wiki, hakuna ua hata moja. Unaubania: unaacha majani yaanze kulegea, unaupa maji kidogo, unarudia kwa wiki kadhaa. Maua yanatoka kwenye machipukizi mapya, kwa hivyo ukitaka kupogoa, pogoa maua yakishaanguka. Ukipogoa kabla, umejikata mwenyewe.

Lakini hata hilo la kubania usilichukue kama lilivyo ukienda nalo Garissa au Lodwar. Kule chungu kifupi kinaweza kukauka asubuhi moja, na ukichelewa kurudi kutoka kazini, ni kuni umebaki nazo. Tumia chungu chenye kina zaidi, na ukipe kivuli jua linapoelekea kuwa kali zaidi. Limuru na Kinangop shida ni kinyume: baridi, ukungu, na siku nyingine jalidi inayochoma hata majani ya chai na viazi. Huko weka mti chini ya mapaa, karibu na ukuta wa mawe unaokaa na joto la mchana, na uwe mkavu msimu huo wote. Ukikosa majani hadi Septemba usilie. Kwaruza gome kwa ukucha. Chini kukiwa kijani, umelala tu.

Binamu yangu anafanya kazi Doha. Alinitumia picha za bogainvilia za barabarani na mshangao mkubwa: kule zinapendeza zaidi Desemba na Januari, na kwenye joto la Julai, nyuzi zaidi ya 40, zinakaa tu zikingoja. Chake kiko kwenye kibaraza cha vigae, na nilimwambia anyanyue chungu juu ya ubao, kwa sababu vigae vya moto huchemsha mizizi. Na kama una mtu Uingereza anayetaka kujaribu, mwambie Disemba London ina mwanga wa saa zisizofika nane kwa siku. Mti uingie ndani kabla ya baridi kali, ukae kwenye dirisha linalotazama kusini, upewe maji ya kuonja tu. Utadondosha majani. Autoe nje mwezi wa tano hivi. Huko, ule ushauri wa video nilioutukana hapo juu una maana kabisa.

Sasa nirudi kando ya barabara, maana hapo ndipo pesa zinapotelea. Kuna muuzaji aliniuzia "bonsai ya miaka kumi" kwa Sh2,500, pesa ambayo wakati huo ilikuwa chakula cha wiki mbili. Shina nene, majani mabichi, nikaona nimeokota. Wiki ya tatu majani yakanyauka. Nilipouvuta ukatoka kama kijiko kwenye uji. Hakuna mzizi hata mmoja. Kipande cha bogainvilia kinaweza kutoa majani kwa akiba iliyo ndani ya shina kabla hakijashika udongo, na yeye alijua. Kwa hivyo kabla hujatoa chapaa, shika shina ulitikise polepole. Likicheza, rudisha. Angalia matundu ya chini ya chungu kama kuna mizizi inayochungulia. Muulize muuzaji alikuzia wapi, kwa sababu mti uliotoka Malindi jana na kufika Nairobi leo utashtuka, na wewe ndiwe utakayelaumiwa.

Au usinunue kabisa. Bogainvilia iko kwenye kila ua wa shule, kanisa na nyumba ya mtu mtaani kwenu, na inapogolewa kila mara, matawi yanatupwa. Omba. Chukua lenye unene wa kidole gumba au zaidi, lichomeke kwenye udongo wenye changarawe, liweke penye joto lakini si jua la moja kwa moja, uache kulivuta kuangalia kama limeshika. Miezi miwili, mitatu. Matawi yafunge waya yakiwa bado machanga, kwa sababu yakikomaa yanavunjika kama penseli. Na ukikata tawi kubwa, ziba kidonda kwa gundi ya mbao, maana mbao yake ni laini, inaoza ndani kwa ndani.

Kuna wanaosema huku ni kuutesa mti. Nimelifikiria hilo. Ila nimeuona ua mzima wa nyanya yangu ukipakiwa kwenye mkokoteni kwenda kuchomwa, na kipande kilichobaki hai ni hiki nilichokibana.

Siku hizi mti wangu unakaa juu kabisa ya ploti, kwenye kamba za nguo, ndiko kuna jua la kutosha. Keateka alikataa mwanzoni. "We kijana, hako kamti kakianguka kwa gari ya mtu utalipa?" Nikaufunga kwa waya kwenye nguzo. Sasa yeye ndiye anayenipigia simu kukiwa na mvua ya mawe.

Februari ulichanua. Maua si mengi, niliyahesabu mwenyewe, vishada 17, rangi ile ile ya Changamwe. Nikampigia nyanya simu ya video, nikashika simu karibu na mti, jua likinichoma kisogo. Alinyamaza muda, hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniambia niugeuze, aone na upande wa nyuma.