Eimu Amesingiziwa

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba eimu wa hadithi za Kikamba ndiye daimon wa Wagiriki, kwa hiyo ni pepo mchafu, na wazazi wa Kola, Ukambani, waache kuwasimulia watoto habari zake. Mwandishi wake amekishika Kigiriki mkiani.

Mshairi wa Wagiriki, Homer, alipomtaja daimon, mara nyingi alimaanisha mungu au nguvu ya kimungu. Neno lenyewe huhusishwa na kitenzi cha kugawa: daimon ndiye anayempa mtu fungu lake. Kwa mshairi mwenzake Hesiod, karibu miaka 2,700 iliyopita, watu wa kizazi cha dhahabu walipokufa waligeuka daimones, walinzi wema wa walio hai. Uchafu ulikuja baadaye, hasa Wayahudi na Wakristo walipolitumia neno hilo kwa miungu ya wengine.

Sasa, wafu wanaowaangalia walio hai, Ukambani huitwaje? Aimu! Eimu ni mwingine kabisa: jitu linalokula watu, lenye tumbo kubwa kuliko akili. John Mbiti, tena kasisi, alichapisha kitabu cha hadithi za Wakamba mwaka 1966 na wala hakuziombea toba. Kiswahili nacho kinatenganisha mzimu na zimwi, na sijamwona Mswahili anayelifanyia zimwi tambiko.

Mwandishi huyo akimtaka Mgiriki wa kulingana na eimu, amtafute jitu Polyphemus wa Homer pangoni, akitafuna mabaharia wa Odysseus. Huyo, ajabu, hakuna aliyedai afukuzwe madarasani.