Gari la bei rahisi laweza kuwa ghali

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Nami niliusadiki usemi huo nilipokopa fedha katika chama cha ushirika, nikanunua gari kuukuu la gia za otomatiki. Rangi iling'aa na bei ilinivutia. Mwezi haukwisha kabla giaboksi haijashindwa kupanda mlima. Fundi alidai takriban nusu ya bei niliyolinunulia gari, na mkopo ningali naulipa.

Sisemi kwamba kila gari la bei nafuu halifai. Nasema giaboksi ipimwe kwanza, rangi baadaye. Mnunuzi alikute gari likiwa baridi. Akiingiza gia, likakawia kushika au likashtuka, hiyo ni dalili mbaya. Mafuta ya giaboksi aghalabu huwa mekundu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, ahadhari. Kisha aliendeshe hadi lipate moto, apande mlima, kwani giaboksi iliyochakaa huteleza ikipata moto.

Palipo na shaka, gharama ya giaboksi nyingine ijumlishwe na bei anayotajiwa. Jumla ikishinda bei ya gari zima, basi urahisi huo ni wa kinywani tu. Na muuzaji akikataa fundi wako asilikague, ndugu msomaji, rudi nyumbani na fedha zako.