Trekta la kuazima lije na maelezo yake

JASHO LA SHAMBA
Na Rehema Mbwilo

Wiki iliyopita, shambani kwangu nje kidogo ya Babati, tela la tipa lilikwama likiwa limeinuka na mahindi nusu ndani. Leva ikasukumwa, ikavutwa, ikasukumwa tena; bodi haikushuka. Kijana mmoja alikwishainama aingie chini yake kuchungulia jeki. Nilimpigia ukelele ambao sijawahi kumpigia mtu.

Tela ni langu, trekta la kuazima. Langu limekufa klachi, na jirani yangu Baba Neema akanipa lake kwa moyo mweupe. Alikabidhi ufunguo, akasema dizeli imo, akaondoka kuwahi msiba. Hatukumuuliza juu ya matundu manne ya haidroliki yaliyo nyuma, yasiyo na alama yoyote. Langu lina mawili. Nimeliona kosa hili katika mashamba mengi: tunaazimana chuma bila maelezo.

Mpira wa haidroliki wa tela ulikuwa juani tangu asubuhi. Mafuta yaliyofungiwa ndani yakipata joto hutanuka, na presha hiyo huikatalia pua ya kapulingi isizame. Vijana wakachukua nyundo. Pua ikaingia nusu, haikulia "ta!" ya kufika mwisho. Hapo vali yake huruhusu mafuta ya kwenda, ikayazuia ya kurudi. Ndiyo sababu bodi ilipanda vizuri ikagoma kuteremka.

Watu wetu hudhani haidroliki ni mafuta tu. Matrekta mengi ya shamba huyasukuma kwa presha inayokaribia bar 200, wakati tairi la gari dogo lina kama bar 2. Mpira ukitoboka tundu la sindano, mafuta hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba. Mtu hufunga kitambaa akaendelea na kazi, huku nyama ikioza ndani. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, na aseme wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyomwingia. Pa kuvuja patafutwe kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja.

Baba Neema alirudi jioni, bado na nguo za msibani. Akaagiza magogo yaegemeze bodi, tukayakokota mahindi kwa makoleo tukiwa pembeni. Akazima injini, akazipeleka leva mbele na nyuma mara kadhaa mpaka presha ya upande wa trekta ikaisha. Akafuta vumbi kwa kitambaa safi, akakaza mkono. Ta! Magogo yakaondolewa, watu wote wakasogea kando, na bodi ikashuka taratibu. Kazi yenyewe haikufika robo saa.

Robo saa hiyo ndiyo ninayoidai kwa kila anayeazima na anayeazimwa. Mwenye trekta aunganishe mpira wa kwanza yeye mwenyewe, aonyeshe leva ipi inaendesha tundu lipi, na utingo arudie mbele yake. Utepe mwekundu kwenye mpira na mwekundu kwenye tundu lake haugharimu kitu.

Waagizaji nao wana deni kwetu. Matrekta yetu yanatoka India, Brazili, Poland, Uingereza. Vibandiko vya leva vina michoro ambayo dereva wa Magugu hakufundishwa kuisoma. Kiwango cha kimataifa cha kapulingi za kilimo, ISO 5675, kipo tangu zamani. Trekta lisiuzwe hapa bila kapulingi za kiwango hicho na kibandiko cha Kiswahili kando ya kila leva. Serikali iliweke hilo kwenye masharti ya uagizaji, kwa sababu anayeingia chini ya tela ni mtoto wa mtu.

Kabla hajaondoka, Baba Neema aliniomba jambo moja: nisichomoe mpira bodi ikiwa juu. Katika matrekta mengi ya zamani kama lake, mafuta ya haidroliki ndiyo hayohayo ya gia. Yakibaki ndani ya jeki yangu, trekta lake linarudi nyumbani limepungukiwa. Na vumbi la mpira wangu likiingia, linakwenda kuisaga pampu yake. Kesho yake tulibeba safari tatu, na kila tulipochomoa, utingo alivalisha pua ya mpira kifuniko na kuuning'iniza juu, mbali na udongo.