BEI NDOGO, ROHO NGAPI?

Wako wakubwa wasemao ati kuamua tenda ya nyumba ni kufungua bahasha na kumpa kazi mwenye bei ndogo. Waingereza ndio waliotuachia bahasha hizo zenye lakiri. Je, kwao walifanya nini? Jumba la Grenfell, London, lilikusudiwa livikwe zinki. Mwaka 2014, kabla tenda haijaamuliwa, wasimamizi wa jumba walikutana faraghani na kontrakta mmoja, wakazungumza kupunguza gharama. Naye ndiye aliyepewa kazi. Zinki ikaachwa, yakawekwa mabamba ya alumini yenye plastiki ndani. Ziliokolewa karibu pauni 300,000. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kwa mabamba hayo, wakafa watu 72. Gawanya mwenyewe, ndugu, ujue kila roho iliuzwa pauni ngapi.

Basi tunadai, wala hatuombi: karatasi za tenda zitaje kila kifaa, aina yake na kipimo chake, masharti ya kumchagua mshindi yaandikwe humo kabla bahasha moja haijafunguliwa, na atakayebadili kifaa baadaye atie sahihi mbele ya wapangaji. Halmashauri itakayokataa, inamficha nani?