Matuta siyo bahati, yana mazoezi yake

Aprili 2022 Simba ilitolewa na Orlando Pirates kule Johannesburg, matuta 4-3. Aprili 2023 Simba hiyohiyo ikatolewa na Wydad kule Casablanca, matuta tena, 4-3. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga, Mamelodi Sundowns wakaing'oa pale Pretoria kwa matuta 3-2.

Miaka mitatu mfululizo, robo fainali zote, ugonjwa uleule. Na kila mara stori ya mtaani ni moja, eti penalti ni bahati.

Siyo kweli.

Clatous Chama alikosa Casablanca. Stephane Aziz Ki alikosa Pretoria, msimu ambao alimaliza na mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Watu wa aina hii hawasahau kupiga mpira usiku mmoja. Ila mita 11 za mazoezini siyo mita 11 za ugenini, taifa zima likiwa limekodoa macho. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakata, misuli inakaza na goli linaonekana dogo.

Presha yenyewe siyo adui. Mchezaji aliyepoa kupita kiasi huadhibiwa dakika za mwanzo tu. Tatizo ni ikizidi, hapo inamnyang'anya hata kile anachokijua.

England walilijua hilo kwa machungu. Walitolewa kwa matuta Kombe la Dunia 1990, 1998 na 2006. Gareth Southgate, ambaye naye alikosa penalti nusu fainali ya Euro 1996, alipokuwa kocha hakusubiri bahati. Kabla ya Kombe la Dunia 2018 wachezaji walifanyia mazoezi matuta, ikiwemo kutulia na kutokurupuka filimbi ikilia. Wakaitoa Colombia 4-3.

Dawa hiyo haiponyi kila siku, maana fainali ya Euro 2020 walilala kwa Italia kwa matuta. Lakini Euro 2024 dhidi ya Uswisi walipiga tano, zote zikaingia.

Huku kwetu benchi lina kocha wa makipa, kocha wa viungo na daktari. Mtaalamu wa saikolojia ni nadra kumsikia akitambulishwa. Kazi yake hufanywa na kiongozi anayeingia vyumbani dakika za mwisho kuahidi mamilioni. Anadhani anatia hamasa, kumbe anamwongezea mchezaji mzigo mguuni.

Halafu kuna mashabiki. Mchezaji akikosa, kabla hajapanda ndege ameshaambiwa kauza mechi. Wenzake wanasikia, na msimu ujao mwalimu akiuliza nani anapiga, wanainamisha vichwa.

Anayejua kwamba akikosa ataitwa msaliti hapambani na kipa peke yake, anapambana na watu wa nyumbani pia. Viongozi wamlete mtaalamu mapema, siyo wiki ya robo fainali. Mashabiki nao wapunguze mdomo. Vinginevyo Aprili nyingine itakuja na stori itakuwa ileile.