Kabla hujamnunulia mwanao kopo la protini

Mwezi uliopita nilipekua begi la mwanangu wa kidato cha tatu nikitafuta sare za kufua. Ndani ya soksi nikakuta shilingi 27,000.

"Mama, nakusanya ya kopo la protini. Wenzangu wa jimu wote wanakunywa."

Ilikuwa hela yake ya chakula cha mchana. Mtoto alikuwa anashinda njaa ili anunue chakula cha unga!

Sikumgombeza. Tulichukua kalamu.

Unga ule unatokana na maziwa: ni majimaji yanayobaki jibini ikitengenezwa, huchujwa na kukaushwa. Kipimo kimoja kina protini gramu 20 hadi 25. Mayai manne yanakufikisha hapo.

Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 51 hivi kwa siku. Mayai mawili gramu 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi ya karanga 7. Hiyo ni 42, na bado hujahesabu dagaa wala ugali wa uwele. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi kidogo, lakini sahani ikijaa vizuri inatosha. Akiruka mlo, hakuna kopo litakalomwokoa.

Kwa wewe mzazi unayefanya mazoezi na umeamua kununua, soma lebo kwanza. Ukitaka misuli, angalia gramu za protini kwa kila kipimo, usiangalie picha ya mtu aliyetuna. Maziwa yakikujaza gesi, chagua aina iliyochujwa zaidi, kwani sukari ya maziwa imebaki kidogo. Ukitaka kupungua, epuka makopo ya kuongeza uzito; mengi yamejaa wanga na sukari. Mwenye tatizo la figo amwone daktari kwanza. Na kopo lisiloonyesha mtengenezaji wala tarehe ya kuisha muda, liache hapo hapo dukani.

Wazazi wenzangu, mtoto akitaja kopo, muulize kwanza amekula nini leo. Mimi nilichelewa kuuliza.

Ile elfu 27 tulikwenda nayo sokoni, tukarudi na tetea wa kienyeji. Sisi watu wa Singida kuku ndiyo sifa yetu, tutashindwaje? Juzi ametaga yai la kwanza. Mwanangu alilichemsha mwenyewe, akala, kisha akabeba chakula chake cha shule.