Moshi wa Dizeli: Mashine Ikisema, Tuulize Imepimaje

Kila anayeishi Ng'ambo hapa Tabora anaufahamu moshi wa dizeli. Mji huu uliokuwa kituo cha misafara ya wapagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji leo unapitisha malori na mabasi, na penye mashine ya kusaga isiyotumia umeme akina mama na watoto husubiri unga wao katika moshi huohuo. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Kinachobaki ni kujua gari lipi limezidi kiasi, na nani wa kuamua.

Mitaani mwamuzi ni jicho, na jicho ni mwamuzi dhaifu. Moshi uleule mweusi huonekana mzito mbele ya mawingu meupe na mwepesi mbele ya mwembe. Ndiyo maana kikatengenezwa chombo kiitwacho opasimita. Moshi wa ekzosi hupita kati ya taa na kipokea mwanga, na chombo huonyesha ni sehemu gani ya mwanga imezuiwa.

Wengi wakisikia mashine imesema, hudhani maneno yamekwisha. Sisi hatukubali. Asilimia peke yake haielezi kitu mpaka ujue mwanga umepita umbali gani ndani ya moshi. Moshi unaozuia asilimia 66 ya mwanga katika bomba la sentimita 43 utazuia kama asilimia 42 tu katika bomba la nusu ya urefu huo. Ni moshi uleule! Kwa hiyo wataalamu hugeuza asilimia kuwa namba ya ukolezo kwa kila mita. Moshi wa mfano wetu ni 2.5, na huo ndio ukomo uliowekwa Ulaya kwa magari ya zamani ya dizeli yasiyo na tabochaja. Sasa tuseme kioo cha chombo kimeshika masizi, au kifutwe vibaya, 66 ikasomeka 68 au 64. Gari hilohilo litapata 2.65 au 2.4. Huku ni faini, kule ni pongezi.

Na kioo si sababu pekee. Injini baridi hudanganya, mvuke wa maji huhesabiwa kama moshi, na dereva anayekanyaga mafuta kwa woga hatoi moshi sawa na anayekanyaga mara moja hadi mwisho. Tena Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na tabochaja ikipungukiwa hewa hutoa masizi zaidi.

Mizani ya dukani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mnunuzi haoni kuwa ameonewa. Maoni yetu ni kwamba opasimita nayo itendewe hivyo. Ihakikiwe kwa kioo cha kijivu ambacho kiasi chake kinajulikana, isome sifuri mbele ya dereva mwenyewe, injini iwe imepata moto, na resi zipigwe si chini ya mara 3 ndipo uchukuliwe wastani. Namba ikipita ukomo kwa kiasi kidogo kuliko shaka ya chombo chenyewe, asitozwe faini; riziki ya nyumba yake isikatwe kwa kubahatisha. Aende kwa fundi akasafishe filta ya hewa na kukagua nozeli, kisha apimwe upya.

Lakini aliyepata 2.4 naye asije kutuambia ekzosi yake ni safi. Opasimita huona kinachozuia mwanga tu. Chembe ndogo kabisa, zile zinazofika ndani ya mapafu, huipita karibu bila kuonekana, na gesi ya kaboni monoksaidi haionekani hata kidogo. Shaka ya kipimo imfae dereva mbele ya askari; nyumbani imfae mtoto mwenye pumu.

Kwa mashine za kusaga hatuna haja ya kusubiri opasimita. Mwenye mashine apandishe ekzosi nje juu ya paa, isitokee dirishani. Na mzazi anayemtuma mtoto kusaga amwambie aache debe kwenye foleni, akasubiri nje, upande upepo unakotokea.